Siku 84 na Mfuko wa Bosi

"Bosi ameniambia nisubiri miaka mitatu iishe." Maneno haya nimeyasikia kwa karani wa kampuni ya usafirishaji, kwa mwalimu wa shule binafsi, kwa keshia wa supamaketi, na kila mara yanasemwa kwa sauti ya mtu aliyekwisha kukubali yaishe. Mtoto wa kwanza ndiyo kwanza anajifunza kukimbia, wa pili yuko njiani, na ofisi imeshatoa hukumu: likizo ya uzazi yenye malipo ni moja kila miaka mitatu, ya kwako umeshakula.

Hukumu hiyo ina ukweli nusu, na hiyo nusu nyingine inamgharimu mwanamke karibu mshahara wa miezi mitatu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya 2004, inayotumika Tanzania Bara (Zanzibar wana ya kwao, Na. 11 ya 2005), haihesabu miaka mitatu kuanzia siku mtoto alipozaliwa. Inahesabu kuanzia siku mama yake alipoajiriwa. Huo ndio mzunguko wa likizo: miezi 36 mfululizo ya ajira kwa mwajiri mmoja, ukiisha unaanza mwingine. Ndani ya kila mzunguko mwanamke anastahili siku 84 za malipo zisizopungua, au siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja kwa mkupuo.

Tuchukue mtu aliyeajiriwa tarehe 1 Februari 2021. Mzunguko wake wa kwanza ulikwisha tarehe 31 Januari 2024. Kama alijifungua Oktoba 2023, likizo ile ni ya mzunguko wa kwanza. Akajifungua tena Desemba 2025, hapo yuko katika mzunguko wa pili, na siku 84 nyingine ni zake, ingawa kati ya mtoto na mtoto imepita miezi 26 tu. Sasa mtazame mwenzake aliyeajiriwa siku hiyohiyo, akajifungua Septemba 2021 na tena Desemba 2023. Huyu ameachanisha watoto kwa miezi 27, zaidi ya yule wa kwanza, lakini vizazi vyote viwili vimeangukia mzunguko mmoja. Kwa kizazi cha pili sheria haimlazimishi mwajiri kumlipa.

Unaweza kusema ni hesabu ya ajabu, na mimi nitakuunga mkono. Lakini ndiyo iliyoandikwa, na inaweza kumwangukia mwanamke vizuri au vibaya kutegemea tarehe iliyoko juu ya barua yake ya ajira, barua ambayo wengi wetu tuliitia kwenye bahasha siku ya kwanza na hatukuifungua tena. Kinachonishangaza zaidi ni kwamba katika ofisi nyingi hesabu hii inakosewa, na ikikosewa inakosewa upande mmoja tu. Sijawahi kusikia ofisi iliyokosea ikampa mama siku 100 badala ya 84.

Nilikaa kwenye meza ya utumishi katika kampuni moja ya watu binafsi kwa miaka kadhaa, kwa hiyo najua kosa hilo linavyozaliwa. Hatukuwa watu wabaya. Tulikuwa na fungu moja la mishahara, na kila barua ya likizo ya uzazi iliyotua mezani ilimaanisha watu wawili kulipwa kwa kazi ya mmoja: aliyekwenda kujifungua na aliyeshika nafasi yake. Meneja hakuwahi kuniambia nimnyime mtu haki yake. Aliniuliza tu, "Huyu anastahili kweli?" Ukiulizwa swali hilo na mtu anayesaini mshahara wako, unaanza kusoma sheria kwa jicho la kutafuta mlango wa kutokea.

Na milango ipo. Wa kwanza ni wa miezi sita. Mfanyakazi ambaye hajatimiza miezi sita kazini hana haki ya likizo yenye malipo chini ya sehemu hiyo ya sheria, isipokuwa wa msimu, na yule anayeitwa na kuachwa na mwajiri huyohuyo mara kadhaa ndani ya mwaka mpaka jumla ikavuka miezi sita. Wa pili ni wa idadi: mwajiri analazimika kulipia likizo za uzazi nne tu. Hii nne hugeuzwa na watu kuwa "sheria hairuhusu zaidi ya watoto wanne", jambo ambalo halijaandikwa popote. Watoto waliozaliwa kabla hujaajiriwa hapo hawamo katika hesabu hiyo, maana ni hesabu ya likizo alizolipia mwajiri.

Mlango wa tatu ni wa notisi. Sheria inataka mwanamke amjulishe mwajiri angalau miezi mitatu kabla ya tarehe anayotarajia kujifungua, akiambatanisha cheti cha daktari. Watu wanaficha mimba kwa sababu wanazozijua, hasa aliye kwenye kipindi cha majaribio au anayesubiri kupandishwa cheo, na barua inafika imechelewa. Basi mwajiri anajibu kwa ukali kwamba utaratibu haukufuatwa. Kweli haukufuatwa. Lakini kifungu hakisemi kwamba aliyechelewesha barua amepoteza likizo, na tumbo la miezi saba halihitaji barua kuonekana. Ushauri wangu kwa anayesoma hili akiwa na kadi ya kliniki kwenye pochi: andika mapema, peleka nakala mbili, ya kwako igongwe muhuri wa kupokelewa na tarehe. Ukituma kwa barua pepe, tuma na kwako binafsi, maana anwani ya ofisi ni ya ofisi na siku wakiifunga imeondoka na ushahidi wako.

Kuanzia hapo mambo ni rahisi zaidi. Unaweza kuanza likizo wiki nne kabla ya tarehe ya kujifungua, au mapema zaidi daktari akiona afya yako au ya mtoto inadai hivyo. Baada ya kujifungua hakuna kufanya kazi ndani ya wiki sita, labda daktari athibitishe kwamba uko sawa. Wiki sita ni siku 42. Bibi zetu wa Pwani walikuwa na arobaini yao. Bunge limeongeza mbili. Marekebisho ya sheria za kazi yaliyoanza kutumika 2025 yamemkumbuka na mama wa njiti, yaani mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati, akaongezewa muda, jambo lililopiganiwa miaka mingi na wanawake waliokuwa wakimaliza likizo huku mtoto bado yuko wodini. Mtoto akifariki kabla ya kutimiza mwaka, mama anastahili siku 84 nyingine ndani ya mzunguko uleule. Aliyeharibikiwa na mimba hana siku zake katika kifungu hicho. Anaangukia likizo ya ugonjwa, siku 126 katika mzunguko, nusu ya kwanza kwa mshahara kamili na nusu ya pili kwa nusu mshahara. Baba ana siku tatu, azichukue ndani ya siku saba tangu mtoto azaliwe. Siku tatu hizo, ukitoa ya kuhangaika na fomu za hospitali na ya kwenda kupokea wageni kituo cha mabasi, inabaki moja.

Neno "malipo" nalo linaficha jambo. Wanawake wengi huamini kwamba siku 84 zinalipwa kama vile mtu yuko kazini. Sheria inasema likizo yenye malipo inahesabiwa kwa mshahara wa msingi, na mshahara wa msingi kwa tafsiri ya sheria hiyohiyo hauna posho, hauna saa za ziada, hauna nyongeza ya kazi ya usiku wala ya sikukuu. Wapo waajiri wanaolipa vyote, na mikataba ya vyama vya wafanyakazi mara nyingine inawabana walipe. Ila kima ambacho sheria inakilinda ni msingi tu. Mtu anayepokea shilingi 700,000 zilizogawanywa kuwa msingi 480,000, nyumba 120,000 na nauli 100,000, anaweza kupata 480,000 kila mwezi wa likizo bila mwajiri kuvunja kitu. Shilingi 220,000 zimeyeyuka katika mwezi wa pampasi, supu na nauli za kliniki. Ndiyo maana mwajiri mjanja huupunguza msingi na kuzitunisha posho tangu siku ya kusaini, na mwajiriwa huangalia jumla ya chini akafurahi. Kama unajadiliana mshahara leo, jadili na mgawanyo wake.

Upande wa likizo ya mwaka, usikubali ichanganywe. Zile siku 28 zinasimama peke yake, na sheria inamkataza mwajiri kukuwekea likizo ya mwaka mahali pa likizo nyingine unayostahili. "Umeshakaa nyumbani miezi mitatu, unataka kupumzika tena?" ni maneno ya korido. Hayana kifungu. Wanaojua huziunganisha mbili hizo na kupata siku 112, kwa makubaliano na ofisi kuhusu tarehe.

Sasa nije kwenye mlango ninaouona mbaya kuliko yote, kwa sababu huu haufunguliwi kwa kelele. Mimba si sababu halali ya kumwachisha mtu kazi. Sheria inasema hivyo bila kumung'unya, na inaitaja mimba pia kati ya misingi ya ubaguzi iliyokatazwa. Hata kumzuia mwanamke kurudi kazini baada ya likizo ya uzazi kumehesabiwa kuwa ni kumwachisha kazi, japo hakuna aliyemwandikia barua ya kumwachisha. Anarudi kwa masharti yaleyale aliyoondoka nayo. Kwa hiyo mwajiri mwenye mwanasheria hafukuzi. Anasubiri mkataba uishe.

Mkataba ni wa mwaka mmoja, unaisha Juni. Umeshahuishwa mara tatu bila maswali. Tumbo limeanza kuonekana Machi. Juni inafika, hakuna barua, hakuna neno, siku ya mwisho anaombwa arudishe kitambulisho na laptopu. Hapo sheria inao mkono wa kumkamata: kukataa kuhuisha mkataba wa muda maalum pale ambapo mfanyakazi alikuwa na matarajio ya haki kwamba utahuishwa, nako ni kumwachisha kazi. Shida ni kwamba matarajio lazima yawe na msingi. Kusema nilitumaini hakutoshi; unatakiwa kuonyesha mikataba ya nyuma, barua ya tathmini iliyosifu kazi yako, ujumbe wa meneja wa Aprili unaokupangia ratiba ya Septemba. Kuna watu wameshinda kwa karatasi za namna hiyo. Anayekwenda mikono mitupu mara nyingi hurudi hivyohivyo.

Na saa inatembea. Lalamiko la kuachishwa kazi linapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile tunayoiita CMA, ndani ya siku 30 kwa fomu namba moja. Madai mengine, kama mshahara wa likizo uliokatwa, yana siku 60. Hebu fikiria siku 30 hizo zinamkuta wapi mwanamke huyu. Zinamkuta akiwa na mimba ya miezi minane au yuko ndani anakandwa na mama yake, anakunywa mtori, hajatoka arobaini. Wakati anapata nguvu ya kushika kalamu, muda umekwisha. Inawezekana kuomba kuongezewa muda kwa fomu nyingine na sababu za msingi, na kujifungua ni sababu nzito, lakini hiyo tayari ni kesi ndani ya kesi. Kuweka siku 30 kwa mtu aliyeibiwa kazi kwa sababu ya mimba ni kumpa ufunguo na kumfunga mikono. Kama kuna badiliko moja dogo ambalo Bunge lingeweza kulifanya bila kumgharimu yeyote hata senti, ni kuanza kuhesabu siku hizo baada ya zile 84 kwisha. Badala yake tunaona mikataba ya muda maalum, ambayo sheria ya awali iliwawekea wataalamu na mameneja, ikifunguliwa kwa makundi mengine zaidi.

Ya kunyonyesha nitayapitia haraka. Ni hadi saa mbili kwa siku ndani ya muda wa kazi, na sheria haikuandika mwisho kwa umri wa mtoto. Anayekaa Mbagala na kufanya kazi Posta anajua saa mbili hizo zinaishia barabarani, kwa hiyo wengi hukubaliana na ofisi watoke mapema. Ukikubaliana, yaandikwe. Waliobaki wanakamua maziwa chooni, na hilo mameneja wetu wanaume hawapendi kulisikia mkutanoni.

Nimesema kosa la hesabu linakosewa upande mmoja. Sababu yake ni swali la nani analipa, na hili limeulizwa zamani. Mkutano wa kwanza wa kimataifa wa kazi ulikaa Washington mwaka 1919, ukapitisha mkataba wa ulinzi wa uzazi: wiki sita kabla, wiki sita baada. Jumla wiki 12. Zidisha kwa saba, unapata 84. Namba tunayoishi nayo leo ina umri wa zaidi ya miaka 100. Mkataba wa mwaka 2000 uliifikisha wiki 14 na ukasisitiza jambo lililokuwa tayari katika ule wa 1919: malipo yatoke kwenye bima ya jamii au fedha za umma, ukasema pia kwamba mwajiri mmoja asibebeshwe gharama ya moja kwa moja bila ridhaa yake. Walijua kwamba mzigo ukiwekwa begani kwa mwajiri mmoja, atautua kwenye usaili. Atauliza una mchumba? Mtoto wa mwisho ana miaka mingapi? Kisha atamwajiri mwanaume.

Sisi tuna mfuko. NSSF, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, wana fao la uzazi: mwanachama aliyechangia angalau miezi 36, na 12 kati ya hiyo iwe ndani ya miezi 36 kabla ya kujifungua, analipwa wastani wa kipato chake kwa wiki 12. Wengi hawalidai kwa sababu hawajui lipo, na wengine huligundua na palepale hugundua kwamba mwajiri alikuwa anakata mchango bila kuupeleka. Angalia taarifa ya michango yako leo, usisubiri uchungu. Lakini fao hilo na kifungu cha 33 cha sheria ya ajira kila kimoja kinakwenda njia yake. Kifungu hicho hakitaji mfuko wowote. Mwajiri anachangia kila mwezi, kisha mfanyakazi akijifungua anatoa tena mshahara kutoka fungu lilelile nililokuwa nalilinda mimi, na hakuna anayemrudishia.

Rwanda waliliona hilo. Sheria yao ya 2016 iliunda mfuko wa likizo ya uzazi kwa mchango wa asilimia 0.6 ya mshahara, nusu kwa mwajiri na nusu kwa mwajiriwa, wanaume kwa wanawake. Wiki sita za mwanzo ni za mwajiri, zilizobaki ni za mfuko. Kabla ya hapo mwanamke wa Kigali katika nusu ya pili ya likizo alikuwa anachagua kati ya asilimia 20 ya mshahara wake na kurudi kazini. Leo wamefika wiki 14. Kenya wanatoa miezi mitatu kwa mshahara kamili na wiki mbili kwa baba, bila hesabu ya mizunguko, jambo la kuonea wivu, ila na wao wameuacha mzigo kwa mwajiri, na maswali ya kwenye usaili Nairobi hayana tofauti na ya Dar es Salaam. Mimi naona dawa yetu iko jirani na si ghali: fao lililopo NSSF limrudishie mwajiri mshahara wa likizo alioulipa, na michango ya wanaume iingie humo, maana watoto hawa wana baba.

Nimeandika yote haya kama mwajiriwa. Nyumbani kwangu mimi ni bosi. Sheria ya ajira imewaacha nje wanajeshi, polisi, magereza na Jeshi la Kujenga Taifa. Dada wa kazi hamo katika walioachwa. Nilirudi ofisini siku ya 85 kwa sababu yeye alibaki na mtoto. Mwaka jana, akiwa anakunja nguo, akaniambia ana mimba ya miezi minne. Nikampa pole na hongera kwa pamoja, kisha kichwa changu kikaanza hesabu ninayoijua: mshahara wake wa miezi mitatu, na wa atakayeshika nafasi yake. Nikajikuta namuuliza, "Hivi wewe ulianza lini hapa?"

Mei 2022. Hana karatasi yoyote ya ajira, na NSSF hawajawahi kusikia jina lake. Aliyepaswa kumwandikisha ni mimi.

"Mama, nikienda nyumbani kujifungua, nitarudi?" akauliza.

Nikamwambia tutaongea jioni.